Kidole Gumba cha Daktari

Daktari aliyekuja kutafuta maumivu katika milima ya Meru alikuwa na mikono laini kuliko yangu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona kwake, na nakiri kwamba nilimdharau papo hapo, kabla hajafungua mdomo. Baadaye alinipa sababu nyingine nyingi, lakini hiyo ya mikono ilitosha kuanzia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali moja mjini Embu. Yeye alikuwa daktari bingwa wa viungo, mtu wa Nairobi, ametoka kusoma ng'ambo na kurudi na ugonjwa mpya kwenye mkoba. Uliitwa fibromialjia. Mtu huumwa mwili mzima mwaka baada ya mwaka, analala na kuamka amechoka, na ukimpiga eksirei au kumpima damu huoni kitu. Wazungu walikuwa wameshauandikia vitabu. Yeye alitaka kujua kama wanawake wetu nao wanao, na alihitaji mtu wa kumtafsiria Kimeru. Nikachaguliwa mimi kwa sababu nilizaliwa juu huko kwenye chai, na kwa sababu wauguzi wenzangu wawili waliozaliwa huko huko walikuwa na akili ya kukataa.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na kipimo ila kidole. Mwili una sehemu kumi na nane, tisa kila upande: shingoni, mabegani, kifuani, karibu na viwiko, makalioni, nyongani, upande wa ndani wa magoti. Unabonyeza kila sehemu kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kilo nne. Zikiuma kumi na moja au zaidi, na mtu ameumwa mwili mzima miezi mitatu au zaidi, basi anao. Zikiuma kumi, pole yake, arudi nyumbani na maumivu yasiyo na jina.

Kilo nne si jambo la kukisia. Siku ya kwanza mjini Meru daktari aliingia duka la jumla, akamwomba mwenye duka mizani yake ya sukari, akaanza kuibonyeza kwa gumba huku wateja wakimtazama. Mshale ukaenda tatu, ukaruka tano, ukarudi tatu.

"Nesi, jaribu wewe," akaniambia.

Nilibonyeza mara moja tu. Mshale ukasimama kwenye nne, ukatulia hapo. Nilikuwa nimegeuza wagonjwa vitandani miaka minane na kufua nguo tangu utotoni. Kidole changu kilijua uzito bila kuambiwa. "Very good," alisema daktari, kisha akaamua kwamba kubonyeza atabonyeza yeye, maana ndiye daktari. Mwenye duka akauliza kama tunanunua sukari au la.

Fomu zake zilikuwa na picha ya mwanamke uchi, mwembamba, nywele zimemwagika mabegani, ametiwa nukta nyeusi kumi na nane. Wanawake wa kwetu walipoiona waliuliza huyo maskini amepatwa na nini, na kama ni tetekuwanga. Chini ya picha kulikuwa na mstari, sifuri mpaka kumi, mtu aweke alama mahali maumivu yake yalipofika. Mama mmoja aliuliza hiyo kumi ni nini. Nikamweleza kwamba ni maumivu makubwa kuliko yote anayoweza kuyafikiria.

"Mimi niache kazi nikae kufikiria maumivu?" akasema, akinitazama kwa huruma.

Daktari akauliza amesemaje. Nikamwambia amesema sifuri, naye akaandika sifuri.

Hivyo ndivyo sayansi ile ilivyokuwa ikiendelea. Nami niliendelea nayo, tena kwa furaha, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya aibu: nilipenda kiti cha mbele cha lile gari jeupe la utafiti, na nilipenda wasichana niliosoma nao wanione nikipita nimekaa humo. Ya pili alikuwa dada yangu.

Dada yangu alinizidi miaka kumi. Alikuwa ameolewa kwenye mteremko mmoja juu ya mji wa Meru, mahali ambapo chai inaanza na barabara nzuri inaisha. Alikuwa na watoto wanne na mwili uliomuuma kutoka kisogoni hadi magotini. Asubuhi aliamka kama mtu aliyelima usiku kucha. Kikapu kikikaribia kujaa mgongoni, ilimbidi asimame katikati ya majani, ashike goti, avute pumzi, kisha aendelee. Alikuwa ameshapewa dawa za minyoo, za malaria na za presha, na kliniki moja ya mjini, ilipoishiwa na mawazo, ikampa miwani.

Kwa mumewe aliitwa mvivu. Shemeji yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yote ya kipumbavu. Krismasi moja, tukiwa mezani, nilimsikia kwa masikio yangu akisema huku amemwelekezea mkewe kijiko: "Huyu ni mvivu tu. Mvivu nimeshamzoea. Angekuwa mgonjwa ningemrudisha kwao." Watu wakacheka. Niliyaweka maneno hayo pamoja na upuuzi wake mwingine bila kuyapima.

Lakini niliyemchukia hasa ni mama mkwe. Sote tulimwita shosho, kama wajukuu wake. Mkanda wa kubebea kuni ulikuwa umemchimbia mfereji juu ya paji la uso, na chini ya mfereji huo kulikuwa na uso usiotoa habari yoyote. Kila nilipolala kwao nilimwona alfajiri akishuka mtoni kabla mwanawe hajaamka. Maji yale yalikuwa zamu ya dada yangu. Akirudi alibeba na kuni, nazo za dada yangu. Nilijua anachofanya, au niliamini hivyo: alikuwa anajitia shujaa ili majirani waone mkazamwana anavyomtesa mzee wa watu. Ungeniuliza wakati huo, ningekuambia kwamba mwanamke mbaya kuliko yule sijamwona kutoka Nyambene hadi Thika.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Daktari atambonyeza dada yangu, ataumia mbele ya watu, ugonjwa wake utapata jina na muhuri, na familia ile itafunga mdomo.

Daktari naye alikuwa na mpango wake. Mahali fulani huko ng'ambo alikuwa amesoma kwamba Mwafrika ni mtu wa jamii, hujisikia huru akiwa na watu wake. Basi chifu mdogo akatangaza barazani kwamba wanawake waje boma kwa boma, mama mkwe na wakazamwana wake pamoja, kwenye ukumbi wa kanisa. Kina mama wazee waliwekwa kwenye benchi mbele. Hatua nne kutoka benchi hilo kulikuwa na meza ya kupimia, na kati yake pazia, shuka la hospitali lililoning'inizwa kwenye kamba. Lilificha kiwiliwili. Uso wa anayepimwa ulionekana wote.

Mtu yeyote aliyekulia Meru angemwambia kwamba amejenga mtego. Mkazamwana hasemi naumwa mbele ya mama mkwe. Akisema hivyo ameishtaki boma nzima kwamba imemchakaza. Tena wanawake wa rika la dada yangu walikuwa wameshafundishwa kukaza uso. Walifundishwa kwa wembe, wakiwa wasichana, mbele ya kina mama kama hao hao wa benchi, na aliyekunja hata kope alisemwa mpaka uzeeni. Mimi niliponea kwa sababu baba yetu aliokoka kati ya zamu ya dada na zamu yangu, akawa mkaidi. Nilikuwa nayajua haya yote. Daktari hakuniuliza, nami sikumwambia, kwa sababu hakupenda kusahihishwa na kile kiti cha mbele nilikuwa bado nakitaka.

Basi wakaja. Mmoja baada ya mwingine walilala pale, daktari akibonyeza na kuuliza, "Inauma?" kwa Kiswahili chake cha Nairobi, nami nikirudia kwa Kimeru. Hapana. Hapana. Kidogo, lakini si kitu. Hapana, asante. Mama mmoja, gumba likiwa limezama begani, alimuuliza daktari kama watu wa kwao hawajambo. Nilikuwa naona mishipa ya shingo ikiruka chini ya ngozi. Nilikuwa naona vidole vya miguu vikijikunja chini ya shuka. Daktari hakutazama miguu, fomu yake haikuwa na mahali pa miguu.

Zamu ya dada yangu ilipofika nilisimama karibu na kichwa chake ili nimtie moyo. Shosho alikuwa ameketi ncha ya benchi, mikono juu ya mkongojo. Daktari alipogusa kisogo, shosho akakohoa. Dada yangu akageuza macho, akamtazama, kisha akatazama paa.

"Inauma?"

"Hapana."

"Dada," nikamnong'oneza, "sema ukweli."

"Haiumi," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

Kumi na nane zote. Hapana kumi na nane. Daktari alijaza kadi. Kila mwanamke alipewa kadi, ili ajisikie ameheshimiwa, na ya dada yangu iliandikwa: Hakuna ugonjwa uliopatikana. Ikapigwa muhuri wa zambarau. Shosho aliipokea yeye, kwa mikono miwili, akaisoma polepole akifuata kwa kidole, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Ningeweza kumpiga teke.

Kwenye gari daktari alikuwa amechangamka. "Interesting sana, Nesi. Unajua hawa wamama hawana hii kitu kabisa? Kule Mbeere tulipata hivyo hivyo. Nafikiri ni ugonjwa wa watu wa mjini." Alisema hayo huku akijisugua gumba, lililokuwa limemchoka.

Wiki chache baadaye nilipanda kwa dada yangu peke yangu, siku ambayo shosho alikuwa kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Nilimkalisha jikoni, nikambonyeza mwenyewe, kwa kile kidole kilichosimamisha mshale kwenye nne. Nilipofika sehemu ya tatu alikuwa ameuma kitambaa. Kati ya kumi na nane zilimuuma kumi na sita. Machozi yalikuwa yanamtoka huku akicheka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kumgusa mahali pale pale panapomuuma bila kuelekezwa.

"Kwa hiyo ni kitu," akasema.

"Ni kitu. Kina jina. Nitakuletea barua."

Akafuta uso haraka. "Barua ya nini? Achana nayo, mdogo wangu. Nimeshajua, inatosha."

"Mpaka lini utaitwa mvivu?"

"Mvivu ni jina tu," akasema, akainuka kugeuza chungu cha githeri. Nilimwona mjinga. Nilimpenda, lakini nilimwona mjinga, mtu aliyezoea kukanyagwa hadi anaogopa kusimama, na njia yote hadi Embu nilikuwa namsikitikia kwa namna ambayo leo sipendi kuikumbuka.

Daktari nilimkuta anapanga slaidi zake. Alikuwa anaondoka kwenda mkutano ng'ambo kuwaeleza wenzake kwamba wanawake wa nyanda za mlima wetu hawana fibromialjia. Nilimweleza kuhusu benchi, pazia na mama mkwe. Nilimwambia yote niliyopaswa kumwambia miezi mitatu nyuma.

"Nesi, fieldwork imeisha. Data ni data."

"Basi nipe barua ya mgonjwa mmoja tu. Nimeshaiandika."

Ilikuwa imepigwa taipu vizuri. Ilisema mwanamke huyu ana ugonjwa wa muda mrefu wa maumivu ya mwili mzima, usiopona haraka, na hafai kubeba mizigo mizito. Alitia saini bila kuisoma, akapiga muhuri, akarudi kwenye slaidi. Mtu yule alithibitisha ugonjwa kwa mkono mmoja na kuufuta kwa mwingine, katika dakika moja, na hakumwaga hata chai iliyokuwa mbele yake. Nilitoka nikicheka. Nilikuwa na barua.

Jumamosi nikapanda mlima. Nilipofika kwenye kibanda cha kupimia majani chai nilimkuta shemeji yangu amesimama na wanaume wenzake, wakingoja lori. Ningeweza kupita. Lakini nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu ile Krismasi ya kijiko, na nilitaka mashahidi. Nilimsalimia kwa adabu zote, nikaitoa barua, nikaisoma kwa Kiingereza kwanza ili wote wasikie uzito wake, halafu nikaitafsiri sentensi moja moja. Nilipofika kwenye ugonjwa wa muda mrefu nilipunguza mwendo.

"Kwa hivyo, shemeji," nikamaliza, "uvivu hapa haupo. Mke wako ni mgonjwa. Imeandikwa."

Wanaume wale wakamgeukia. Yeye alinyoosha mkono, akaichukua barua, akautazama muhuri, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa shati. "Asante, shemeji," akasema. Hakuwahi kunishukuru kwa lolote kabla ya hapo. Nilidhani ni aibu imemshika.

Jikoni niliwakuta wote wawili, dada yangu na shosho, wakichambua maharagwe kwenye ungo mmoja. Nilisimulia nikiwa bado nimesimama. Nilisimulia vizuri, na sauti ya shemeji nikaiiga. Nilikuwa nimemkazia macho shosho ili nione uso ule ukivunjika, na kweli ulivunjika, lakini si namna niliyoitaka.

"Umempa?" akauliza. "Umempa mkononi?"

"Nimempa."

Aliweka ungo chini. Akanishika mkono, akakichagua kidole gumba, akakipeleka nyuma ya shingo yake, chini ya kitambaa. "Bonyeza."

Nilibonyeza, na nakiri kwamba niliongeza kilo moja ya chuki. Alivuta hewa kwa meno. Akakihamisha kidole changu begani. Kisha kifuani, kwenye kiwiko, kwenye goti. Alikuwa anakipeleka yeye, mahali baada ya mahali, na hakukosea hata mara moja. Picha ya yule mwanamke mwembamba ilikuwa ndani ya mwili wake kabla mimi sijazaliwa.

"Mimi nilikuwa nazo kabla huyu hajaolewa," akasema. "Nilimwona mwaka wa kwanza anavyoamka. Unafikiri maji nachota kwa nini?"

Nilikirudisha kidole changu.

"Baba wa huyu mwanangu alimrudisha mke wake wa kwanza kwao, eti anaumwaumwa. Mimi ndiye niliyeletwa mahali pake. Kwa hivyo nilinyamaza miaka arobaini. Mwanangu ni damu ya baba yake. Kuna msichana pale chini, kibandani, anachuma vikapu viwili huyu akichuma kimoja, na mwanangu amekuwa akimtazama tangu mwaka jana. Anatafuta sababu tu. Uvivu si sababu, wazee watamwambia amfundishe kazi. Ugonjwa ni sababu." Alifungua kitabu cha nyimbo kilichokuwa kwenye rafu. Kadi ya muhuri wa zambarau ilikuwa humo. "Hii nilimwonyesha kila mara alipoanza. Tazama, daktari amesema mke wako ni mzima. Tulipanga mtoni, mimi na huyu dada yako, kabla ya kuja kule kanisani. Nilimwambia nikikohoa, akaze uso."

Nilimgeukia dada yangu. "Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka," akasema. Alisema bila hasira. Na ni kweli, ningemcheka. Ningesema nyinyi wanawake wa mlimani mnaishi kama watumwa, halafu ningepanda gari langu jeupe nikarudi Embu.

Shemeji hakupiga kelele wala hakumpiga mtu. Alifanya mambo kwa utaratibu. Wiki iliyofuata alimleta dada yangu kwa baba yetu akiwa na wazee wawili, godoro, na barua. Baba aliisoma, akaona saini na muhuri wa hospitali, akaniangalia mimi. Watoto wote wanne walibaki, kwa kuwa ni wa boma. Yule msichana wa vikapu viwili aliingia kabla ya mvua za Oktoba. Niliambiwa kwamba shosho alikataa kula chakula cha msichana huyo, na kwamba alfajiri bado anashuka mtoni, sasa akiwabebea maji wajukuu.

Daktari alirudi kutoka mkutanoni na saa mpya ya mkononi. Waliupenda utafiti wake. Nilimdharau kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa moyo wote, na dharau hiyo ilinisaidia sana, kwa sababu nilipokuwa namdharau yeye nilikuwa sina nafasi ya kufikiria ni nani aliyepanda mlima na barua. Yeye alikosa kuona kwa kutotazama miguu ya watu. Mimi niliishi nao, nikakaa nao meza moja, nikamwona mzee akibeba maji ya mwingine kila alfajiri, nikasema anajionyesha. Mjinga wa hadithi hii hakutoka Nairobi.

Dada yangu alikuja kukaa nami Embu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali. Nilimpa kitanda changu. Nilimtafutia vidonge vya kumpa usingizi, nikamkanda kwa maji ya moto, na kila Jumapili tuliwaandikia watoto barua ambazo hatukujua kama zinasomwa. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini mpaka leo, asubuhi, nikimwona ameshika ukingo wa meza ili ainuke, na nikimuuliza kama inauma, hugeuza macho akatazama paa.

"Haiumi," hunijibu.